Kikapu cha Kaskazini

Kama hujawahi kusonywa na Bibi Mwanabaraka, basi Singida mjini bado hujafika, umepita tu na basi. Msonyo wake haukuwa wa haraka haraka kama wa wasichana wa siku hizi. Aliuanzia mbali, kwenye pengo la jino la juu, akauvuta taratibu kama mtu anayefunga zipu ya begi la safari, na ulipofika mwisho wewe uliyesonywa ulikuwa umeshakubali mwenyewe kwamba hufai.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mtandio wa kijani, na kazi yake ilikuwa kuuza mafuta ya alizeti. Marehemu mume wake, Abdulkadiri, alikuwa mlinzi wa lile ghala la zamani la mazao lenye sakafu kubwa ya sementi ubavuni. Sementi ile ilimwagwa kwa ajili ya kuanikia. Miaka ikapita, ghala likabaki na popo, vijana wakasimamisha milingoti miwili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, wakatundika vikapu, wakachora mistari ya chokaa, pakawa uwanja wa mpira wa kikapu. Lakini watu hawakuacha kuanika. Jumatatu mpaka Ijumaa sementi ilikuwa ya alizeti na mahindi, Jumamosi na Jumapili ilikuwa ya mpira, na hakuna aliyeona ajabu. Kila familia ilikuwa na sehemu yake, inajulikana. Mama Dorkas alianika katikati ya uwanja. Watu wa Mtinko wanaoshusha mizigo yao mjini walipewa upande wa kusini. Chini ya kikapu cha kaskazini, penye jua la kutwa nzima, palikuwa pa Bibi Mwanabaraka, kwa heshima ya marehemu. Makubaliano yalikuwa mawili tu. Kuanika ruhusa, kupura marufuku. Na Ijumaa jioni kila mtu afagie kwake.

Mpira aliujulia hapo hapo, akiuza chai pembeni enzi za mume wake. Yeye mwenyewe hajawahi kuudunda. Mara moja tu ulimgusa, uliporuka ukamwangushia birika, na nadhani siku ile ndiyo alianza kuwadharau wachezaji. Tangu hapo miaka thelathini amekalia ndoo iliyofunikwa kifudifudi, mahali pale pale, akiangalia Upepo, timu ya wanawake ya mjini. Aliipenda. Ila kupenda kwake kulikuwa kwa namna hiyo: wakishinda walikuwa wamebahatisha, wakishindwa walikuwa wameonyesha walivyo. Watu walihamisha viti vyao wakae karibu na ndoo yake. Mpira waliuona kwa macho, utamu wake waliupata kwa mdomo wa Bibi Mwanabaraka.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kipupwe kikivuma mpaka kikapu kinayumba, Upepo walicheza na Reli ya Manyoni. Haikuwa mechi ya hivi hivi. Joshua, kocha wa timu ya mkoa, alikuja na daftari lake kuchagua wasichana kumi na wawili wa kwenda Dodoma, na huko chuo kimoja kilikuwa kimeahidi kuwasomesha wale watakaong'ara. Majina yangesomwa Jumapili asubuhi, uwanjani. Kila mtu alijua jina la kwanza litakuwa Scola, nahodha wa Upepo, binti aliyemaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma na tangu wakati huo anauza vitunguu stendi na mama yake. Kwa Scola hiyo Dodoma haikuwa matembezi. Ilikuwa ndiyo njia yenyewe, na nyingine hakuna aliyeiona.

Zikabaki sekunde sita. Reli arobaini na mbili, Upepo arobaini na moja. Scola akapora mpira katikati ya uwanja. Mbele yake hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Akaenda nao peke yake kuelekea kikapu cha kaskazini, watu wote wima, na pale pa kuruka mguu wa kushoto ukamtoka. Ulimtoka tu. Akashuka kwa makalio, pu, mpira ukaambaa nje, filimbi ikalia. Basi.

Watu walishika vichwa. Bibi Mwanabaraka hakushika kitu. Alivuta msonyo mrefu, watu wa jirani wakanyamaza kuusikiliza.

"Hii ndiyo timu," alisema. "Tumeacha majiko yetu, tumekuja kuangalia hii. Refa macho anayo ya urembo. Na Bonifasi, mnamwona Bonifasi? Tangu robo ya kwanza kashika kiuno, utadhani mjamzito anasubiri zamu kliniki. Kocha mzima!"

Watu wakacheka, ingawa wamefungwa. Joshua, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwenye ndoo, hakucheka. Aliinama.

"Bibi, wewe hawa unawajua tangu wadogo. Yule binti kaanguka nini? Hakuna aliyemgusa."

"Aguswe na nani? Moyo wa kuku ule."

"Moyo wa kuku?"

"Akikabwa anacheza vizuri, kwa sababu hana nafasi ya kufikiri. Mwache peke yake na kikapu, magoti yanakuwa uji. Mpeleke Dodoma basi, akawaangukie wakubwa miguuni."

Kijana mmoja alikuwa ameshika simu, amerekodi kila kitu, kuanguka na maneno. Joshua alifungua daftari, akapiga mstari mahali fulani, akalifunga. Kule chini ya kikapu Scola alikuwa bado amekaa. Alitazama kiganja chake, akakinusa, kisha akakifuta kwenye kaptula.

"Ona," akasema Bibi Mwanabaraka, "sasa anajinusa. Anatafuta harufu ya ushindi." Wakacheka tena.

Kabla ya magharibi video ilikuwa imeshazunguka mji. Saada, binti wa Bibi Mwanabaraka anayekaa naye, alimwonyesha mama yake kwenye simu akiwa anamenya vitunguu. Scola anakimbia, anaanguka, na sauti ya Bibi Mwanabaraka inasema moyo wa kuku, halafu inarudi mwanzo. Mtu ameweka na mlio wa kuku.

"Wamekunasa vizuri, mama."

"Sauti yangu imetoka nene," alisema Bibi Mwanabaraka, na hakuchukia.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Simeoni, mzee wa Manyoni, mstaafu wa reli, aliyemwoa mdogo wake. Kila Reli wakija Singida, Simeoni anakuja nao, anakula kwa shemeji yake, anatukanwa, anarudi kwake na afya.

"Shemeji, nimekuja kuhani."

"Kafa nani?"

"Upepo. Nasikia wamezika saa kumi na moja."

"Ingia, ule, unyamaze. Timu ya mapandikizi, haina hata mmoja anayejua kupiga mpira kwa mkono wa kushoto. Mmeokota ushindi kama mtu anavyookota kuku aliyegongwa."

"Tumeokota, ndiyo. Mchuzi unaliwa lakini." Simeoni alikaa kwenye mkeka akacheka peke yake. "Ila na mimi nusura nife leo. Filimbi ilipolia nikaingia uwanjani kucheza ngoma, pale pale chini ya kikapu. Nikateleza! Kama si mlingoti ningekuwa hospitali."

"Uzee."

"Uzee gani, shemeji? Viatu hivi vya kazi vina meno kama trekta."

Saada alikuwa amekwenda mlangoni kusogeza viatu vya mgeni, maana kuku walishaanza kuvidonoa. Akainua kimoja, akakigeuza.

"Mama," akasema, "kuku hawa wanadonoa alizeti."

Akaja nacho pale kwenye mkeka. Kwenye meno ya soli palikuwa pameshindiliwa maganda meusi yenye mistari na kiini kilichopondeka, na soli yote inang'aa. Haikuhitaji kunuswa. Nyumba ile yote ilinuka hivyo hivyo mwaka mzima.

"Alizeti zipo uwanja mzima," alisema Bibi Mwanabaraka.

"Chini ya kikapu cha kaskazini anaanika nani?"

"Kuanika si kosa."

"Kuanika si kosa, mama. Lakini hizi zimepondwa." Saada hakuinua sauti, na hilo lilimkera mama yake kuliko kelele. "Jana asubuhi nilikwambia lile gunia la vichwa vya alizeti tukapurie nyumbani. Ukasema gunia moja ni kitu gani, ukachukua fimbo."

"Nikafagia!"

"Ulianza kufagia. Halafu kocha Bonifasi akapita."

Hapo Bibi Mwanabaraka alikumbuka. Bonifasi alipita na filimbi yake shingoni, naye akamsimamisha amweleze jinsi ya kuwakaba Reli. Alimchorea kwa mpini wa fagio kwenye vumbi: huyu asimame hapa, yule pale, na wewe acha kushika kiuno. Alimfundisha kocha kazi yake nusu saa nzima. Adhana ya Ijumaa ikamkuta hapo, akaweka fagio begani akaenda zake. Sehemu aliyobakiza ilikuwa kama ukubwa wa kitanda. Kipupwe kikapeperusha maganda ya juu, pakaonekana pasafi. Mafuta yakabaki kwenye sementi.

Simeoni, mtu aliyekuja kutania, alitazama sahani yake. "Basi hata ushindi wetu," alisema polepole, "tumepewa na shemeji."

Alitegemea kutukanwa. Hakutukanwa, akaona afadhali aage mapema.

Jumapili jua halijachoma, Bibi Mwanabaraka alikuwa uwanjani. Alijiambia amekwenda kuhakikisha tu, maana Saada ni mtu wa kukuza mambo na Simeoni ni mzee wa kuteleza hata kwenye mkeka. Alipiga magoti chini ya kikapu, akapitisha kiganja kwenye sementi. Kikarudi kinang'aa. Akakinusa. Na alipokinusa akakumbuka ni nani mwingine aliyekinusa kiganja pale pale jana, na yeye akawachekesha watu. Palikuwa na mstari mrefu mahali mguu ulipopita, umenyooka, kama umechorwa na rula.

"Shikamoo, bibi."

Scola alikuwa amesimama nyuma yake, kanga mabegani, amevaa raba zake zile zile.

"Marahaba," alisema Bibi Mwanabaraka, na maisha yake yote hajawahi kuona marahaba iliyo nzito kuitamka namna ile. Hakuinuka. "Umekuja kusikiliza majina?"

"Nimekuja kurudisha jezi. Jina langu halipo. Kocha Bonifasi kaniambia jana usiku."

"Ulijua?"

"Kwamba limefutwa?"

"Usijifanye mjinga, wajinga wametosha hapa. Ulijua umeteleza nini."

Scola alitazama sementi. "Kaptula yangu mama kaifua mara mbili. Bado inanuka."

"Na ukanyamaza! Una mdomo wa nini?"

"Ningesema nini, bibi? Niseme mbele za watu kwamba ni alizeti za mtu mzima anayelingana na bibi yangu? Na nani angesikia? Bibi akishasema mtu ana moyo wa kuku, mji mzima unaona manyoya. Asubuhi hii stendi wameniuliza nimetaga mangapi."

Aliyasema bila ukali. Bibi Mwanabaraka alitafuta kwenye mdomo wake msonyo, hata mdogo, wa kumsonyea mtu yeyote. Hakuupata.

Saa nne watu walijaa. Habari ya kufungwa kwa pointi moja huwa haiishi siku moja, walikuja kuimalizia. Simeoni alikuja na watu wa Reli. Bonifasi alikuja, na alipomwona Bibi Mwanabaraka alitoa mikono kiunoni. Joshua alisimama chini ya kikapu cha kusini, akafungua daftari, akasoma jina la kwanza. Msichana wa Reli. Akasoma la pili. Wa Reli.

"Wewe mwenye daftari," alisema Bibi Mwanabaraka.

Alikuwa amesimama. Watu walishangaa hapo kwanza, kwa kuwa siku za mpira hajawahi kuonekana amesimama.

"Bibi, naomba nimalize."

"Humalizi kitu. Jana umeniuliza habari za mpira, mimi niliyeuza chai. Una shahada, una filimbi, una daftari lenye picha ya twiga, halafu unamwuliza muuza mafuta! Na ukaandika! Nimeona watu wapumbavu, lakini wewe ndiyo umenifungulia macho."

Watu wakaanza kucheka. Walidhani Jumapili imeanza vizuri.

"Msicheke bado. Njoo huku, kocha wa mkoa. Njoo na hivyo viatu vyako vya kwenda kanisani. Tembea hapa, chini ya kikapu, kama mtu anayewahi sadaka."

Joshua alitazama watu, akaona asipokwenda atakuwa kaogopa bibi kizee. Akaenda. Hatua ya tatu mguu ulimponyoka, daftari likaruka, na Simeoni, aliyejua mahali pa kusimama, akamdaka kwapani.

"Moyo wa kuku?" Bibi Mwanabaraka alimwuliza. "Au magoti ya uji?"

Kicheko kikakatika katikati. Mama Dorkas ndiye aliyeinama wa kwanza, akagusa sementi, akanusa vidole. "Haya ni mafuta," akasema. "Hapa pamepurwa!"

"Pamepurwa, Mama Dorkas, na unapajua ni pa nani. Nimepura mimi. Gunia moja, Ijumaa, mchana kweupe, na sheria naijua, nilikuwepo ilipotungwa. Halafu fagio nikaligeuza kalamu, nikamfundisha Bonifasi ukocha, Bonifasi ambaye hata angekuwa jiwe asingehitaji somo langu." Alivuta pumzi. "Kisha nikakaa kwenye ndoo, mafuta yangu yakamwangusha mtoto wa watu, nikamcheka. Miaka thelathini natafuta mjinga wa uwanja huu. Nimemtafuta kwa marefa, nimemtafuta kwa makocha. Kumbe nimemkalisha kwenye ndoo."

Halafu sauti ikatoka nyuma, ya yule kijana mwenye simu: "Bibi, rudia kidogo, ilikuwa haijaanza kurekodi."

"Nitakurekodi kwa fagio."

Joshua alikuwa amelipata daftari lake, anajifuta. "Sawa," alisema, na sauti yake haikuwa na ucheshi. "Nimeona. Lakini kujua kilichomwangusha ni jambo moja, kujua atakachofanya ni jambo lingine. Jana kaanguka hapa, leo mji mzima umemcheka. Pasafishwe. Halafu akimbie ile ile ya jana, nimwone."

Bonifasi alimwita kijana alete fagio. Bibi Mwanabaraka alimpokonya. Fagio lenyewe halikusaidia, likawa linapaka tu, akamtuma Saada alete majivu na mchanga. Akamwaga, akapiga magoti, akasugua kwa gunia. Na hapo ndipo mji ulipojilipa. Walikuwa wamejifunza kwake, na hawakuwa wanafunzi wabaya.

"Sugua, bibi, huo mkono au mlenda?"

"Mwangalieni! Kashika kiuno!"

"Refa, huyu hachezi, anapoteza muda!"

"Shemeji," aliita Simeoni, "tumia mkono wa kushoto, timu yenu inaujua."

Bibi Mwanabaraka akaongeza majivu. Kila neno alilitambua, kama mtu anayekuta nguo zake zimevaliwa na watu wengine. Mengine yalimfaa, mengine aliona wameyasema vibaya, bila pumzi, wameharakisha mwishoni. Hata kudharau hawajui, aliwaza. Akasugua mpaka sementi ikawa ya kijivu kikavu, akapita juu yake kwa nyayo tupu mara mbili, akatoka.

Scola alipewa mpira katikati ya uwanja. Alivua kanga. Bibi Mwanabaraka hakurudi kwenye ndoo. Alisimama kando ya mlingoti na gunia lake la majivu, moyo unamwenda mbio kuliko mechi yoyote ya miaka thelathini. Binti akiingiwa na hofu sasa, akipunguza hatua hata moja, lile neno la jana litakuwa kweli, na atakuwa amelifanya kweli yeye.

Scola akakimbia. Alidunda mara nne, akafika pale pale, akaweka mguu wa kushoto juu ya ile sementi ya majivu bila kuutazama, akaruka. Aliruka juu hasa. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka kwenye ringi, ukazunguka tena, ukatoka nje.

Watu wakasema aaah, kwa sauti moja.

Joshua aliandika kitu. "Scola," akasoma, "Upepo. Wa tatu."

"Mbona kakosa?" aliuliza Simeoni.

"Nilikuwa naangalia miguu, mzee. Kufunga atafundishwa."

Akaendelea kusoma. Mama Dorkas akapiga kigelegele. Scola alikuja taratibu mpaka kwenye mlingoti kuchukua kanga yake, macho yamejaa, akasimama mbele ya Bibi Mwanabaraka kama anayengoja kitu. Kila mtu aliyekuwa karibu alingoja pia, maana ilikuwa wazi kabisa ni neno gani linatakiwa hapo, na ni fupi.

Bibi Mwanabaraka alimtazama kuanzia raba mpaka nywele. Mdomo ukajikunja wenyewe, pengo likaonekana, na msonyo ukaja, mrefu, wa zamani, mzima.

"Peke yako," alisema. "Hujakabwa hata na inzi, na bado umekosa. Ukifika Dodoma uanze na huo mkono." Halafu, akiwa amegeuka tayari, akikung'uta majivu: "Na hiyo kaptula iletwe kwangu. Nitaifua mimi. Mama yako hajui kutoa mafuta."

Tangu wiki ile alizeti zake zinaanikwa nyumbani, kwenye turubai mbele ya mlango, na hakuna aliyemwambia ahame. Kuku wa majirani wanakuja kula kutwa nzima. Amekaa kwenye ndoo yake na fimbo, anawafukuza huku wanarudi kule, na anawadharau hao majirani wanaowafuga na hao kuku wenyewe, kwa namna wanavyoingia wote kumi upande mmoja bila hata mmoja kubaki nyuma kulinda.